Mkate Uliorudi na Namba

Nilisikia kwamba katika kaunti yetu hakuna mtu aliyepewa kibali cha kubeba bastola kabla hajala nyama mezani kwa sherifu. Sikumwamini aliyeniambia, maana alikuwa dada Belmira, na Belmira hata mvua huiongezea matone. Lakini maneno yale yaliniganda. Nikiosha vyombo, yapo. Nikikunja shuka, yapo. Kanisani padri akiinua mikono, mimi nilikuwa namwona sherifu akiinua uma.

Ninaandika haya kwa sababu mabinti wa wenzangu bado wanaolewa na bado wanaachika, na mahali fulani yupo mama anayetafuta mlango wa kubisha ili mwanawe akae salama. Nilisoma hadi darasa la nne tu, kisiwani Terceira, kabla baba hajatuleta California. Mwandiko wangu ni wa darasa la nne. Jambo lenyewe ninalijua vizuri, kwa kuwa lilipita jikoni kwangu.

Binti yangu ni Odilia. Mwaka huo, 2010, alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kazi yake ilikuwa kupima maziwa. Alizunguka na pikapu yake kutoka shamba hadi shamba, anasimama nyuma ya ng'ombe wakati wanakamuliwa, anakinga maziwa ya kila mmoja kwenye kichupa, anaandika namba, anapeleka maabara. Barabara zetu zimenyooka mpaka macho yanachoka. Upande huu lozi, upande ule mahindi ya ng'ombe, na ukiita kutoka nyumba moja, nyumba ya pili hawasikii.

Aliyekuwa mumewe, Valdemar Toste, ni mkata kwato. Naye anazunguka mashamba yale yale. Mtu wa kazi hiyo hafungiwi lango. Ng'ombe wakianza kuchechemea unamwita, unampa kahawa, unamshikia kamba. Alipomvunja Odilia mkono wa kushoto, mlangoni pa jiko lao, Odilia alirudi kwetu na nguo zake kwenye mifuko ya chakula cha ndama. Mahakama ikaandika amri kwamba Valdemar asimkaribie hatua mia moja. Lakini shambani mwa watu nani atazipima hizo hatua? Odilia akifika kwa akina Avila, anaikuta pikapu ya Valdemar. Akienda kwa akina Machado, nako ipo. Hakumgusa. Alikaa kwenye ngazi za chumba cha tangi la maziwa akinoa kisu chake cha kwato, akimtazama. Odilia akipiga simu, askari wanachukua dakika arobaini kufika, na wakifika wanamkuta mtu ameinama anakata kwato, kazi yake halali.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka Odilia aendelee kulala kile chumba cha mbele chenye dirisha linalotazama mtini, atoke asubuhi, na arudi.

Akanunua bastola ndogo. Mume wangu Herminio akamfundisha kulenga makopo nyuma ya zizi. Sheria ya wakati ule ilisema ukiwa nyumbani kwako weka, lakini barabarani usibebe mpaka sherifu akubali kwamba una sababu njema. Sherifu ndiye mkuu wa polisi wa kaunti, na kwetu anachaguliwa kwa kura kama mbunge. Sababu njema ilikuwa ile ambayo yeye angeamua kuiita njema.

Na niseme ukweli wangu. Mimi bastola siipendi. Nilipoiona juu ya meza ya jikoni, karibu na kikapu cha mayai, niliifunika kwa kitambaa. Odilia akaniuliza, "Mama, unaificha isipate baridi?" Nikamwambia naificha mayai yasiione. Akacheka. Lakini nilikuwa nahesabu dakika arobaini kila siku, na baada ya kuzihesabu kwa miezi, kile chuma nikakizoea.

Mwezi wa tatu akapeleka maombi. Mwezi wa nne wakamwita kwa mahojiano, nikamsindikiza. Nilikaa kwenye korido, mlango wakauacha wazi. Ukutani kulikuwa na picha za Sherifu Pruitt kwenye karamu ya kuchoma nyama, amevaa aproni, na wanaume wamemzunguka na sahani zao. Mmoja nilimtambua, ni daktari wa meno aliyening'oa jino la nyuma. Anayehoji alikuwa luteni mmoja anaitwa Skaggs, mtu mpole, mwenye sauti ya kuuza bima.

"Bibi Borba, sababu yako?"

"Ipo kwenye karatasi."

"Nataka kuisikia kutoka kwako."

"Mume niliyeachana naye alinivunja mkono. Ananifuata kazini. Nafanya kazi peke yangu."

"Si una amri ya mahakama?"

"Ninayo. Nimeikunja, iko mkobani. Siku akija nimfunulie asome?"

Luteni alikohoa kidogo. "Watu wengi wanaogopa, bibi. Tukimpa kila anayeogopa, barabara zitajaa bastola. Sherifu anaangalia usalama wa wote."

"Yule daktari wa meno kwenye picha pale nje, yeye anaogopa nini?"

Nilisikia kiti kikilia.

"Yeye huwinda bata peke yake," luteni akasema.

"Na mimi napima maziwa peke yangu."

"Utaandikiwa."

Tulipoingia kwenye pikapu, Odilia aliwasha gari, akalizima. "Umesikia, Mama? Bata." Nikamwambia bata wa kaunti hii wana hasira sana. Tukacheka mpaka akaegemeza kichwa kwenye usukani, na mimi nikampapasa mgongo kama nilivyokuwa nikifanya akiwa mdogo ana kifaduro. Mpaka leo nikipita kwenye maegesho yale huwa natazama nafasi tuliyosimama. Mara nyingi kuna gari la mtu mwingine.

Wiki zikapita bila barua. Mwezi wa tano ukaingia, na mwaka ule, kwa desturi ya kisiwani kwetu, kura ya kulitunza taji la sikukuu ya Roho Mtakatifu ilituangukia sisi. Wiki nzima kabla ya Pentekoste taji la fedha lilikaa sebuleni kwetu juu ya kabati la vyombo, katikati ya maua, na kila jioni majirani wakaja kusali rozari. Mchana tulikuwa kwenye ukumbi wa jumuiya yetu, akina mama wote, tunaandaa supu ya sikukuu ya watu elfu moja, tukikata kabichi na mnanaa. Pale ndipo Belmira, ambaye ni mama wa ubatizo wa Odilia, alipolianzisha.

"Wee Etelvina, mnanaa huo unaukata kama unamkata mtu."

"Namkata luteni."

"Mwache luteni wa watu. Shida ni tumbo lenu halijala."

"Halijala nini?"

"Nyama ya sherifu. Kila mwezi wa nne anachoma nyama kwenye uwanja wa maonyesho kuchangisha kampeni. Meza moja dola elfu mbili. Nitajie mwenye kibali, nitakutajia kiti alichokalia."

Nikamtaja daktari wa meno.

"Meza ya tatu."

Bwana Whitcomb mwenye mashamba ya lozi.

"Meza ya kwanza, karibu na mchuzi."

"Mwenye duka la matrekta."

"Huyo alimleta na mama mkwe. Mama mkwe naye akapata."

"Mama mkwe ana miaka themanini," akasema mwenzetu mmoja kutoka upande wa sufuria. "Bastola anambebea nani?"

"Mkwe," wakajibu watatu kwa pamoja, na jiko zima likacheka.

Belmira hakucheka. Alisogea karibu nami akashusha sauti. "Na mume wako amepachika bango la Ortega kwenye uzio. Barabara nzima inaliona. Uchaguzi ni mwezi ujao, mwenzangu. Unafikiri hawapiti na magari yao wakaona?"

Ortega alikuwa askari mstaafu aliyekuwa akigombea dhidi ya Pruitt. Alikuwa ameahidi kwamba mwenye amri ya mahakama mkononi hataulizwa sababu nyingine. Herminio alisikia hivyo redioni akaenda moja kwa moja kuchukua bango, na akalipigilia kwa misumari ya paa ili upepo usiling'oe.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na kosa hili lingeweza kufanywa na mtu wa kwetu tu.

Sisi mwenye taji hugawa mafungu. Fungu ni nyama mbichi, mkate mtamu wa duara na chupa ya divai. Linapelekwa kwa mgonjwa, kwa asiye na kitu, kwa jirani mliyegombana naye. Kule kisiwani lilipelekwa hata kwa mkuu wa wilaya na kwa askari wa forodha, na hakuna aliyeona ajabu. Fungu haliombwi, halikataliwi, wala halirudi. Baba yangu alipeleka fungu kwa mtu aliyemshtaki mahakamani kwa ajili ya ukuta wa mawe, na yule mtu akalipokea amevua kofia, na kesi ikaendelea kama kawaida wiki iliyofuata.

Basi niliwaza hivi. Kama sherifu huwapa vibali waliokula pamoja naye, sisi meza yake hatuiwezi, lakini meza ya Roho Mtakatifu wiki hii iko nyumbani kwangu, na kubwa kuliko hiyo hakuna. Nikaoka mkate mkubwa wa mayai kumi na mawili na ganda la limau. Nikachagua nyama nzuri ya paja. Mchana kutwa nikakaa na kalamu, nikachana karatasi mbili, ya tatu nikaiacha. Iliandikwa hivi: *Kwa Sherifu Pruitt. Hili ni fungu lako la Roho Mtakatifu. Akuangazie kuhusu karatasi ya binti yangu Odilia. Mimi mama yake, Etelvina Borba.*

Sikumwambia Herminio. Sikumwambia Odilia. Kwanza niliona haya, halafu nilitaka iwe siri ya furaha, kwamba barua ikija ndipo niwaambie.

Ijumaa nilipeleka kikapu mwenyewe. Karani wa mapokezi, mwanamke mnene anayeitwa Arlene, alifungua kitambaa akafumba macho. "Mama, harufu hii itanifukuzisha kazi."

"Ni la sherifu. Lakini ukikata kipande kidogo chini, hataona."

"Sitagusa. Atakipata leo leo."

Nilirudi nyumbani nikiimba. Jumapili Odilia alitembea kwenye maandamano mbele yangu, amevaa gauni la rangi ya kijani, mkono wake uliovunjika ukiwa umeshika utepe wa msichana aliyebeba taji. Jua lilikuwa kali na bendi inapiga vibaya kama kawaida yake. Nilisema moyoni, mwakani atakuwa hapa hapa. Ninaikumbuka ile asubuhi vizuri kuliko harusi yangu.

Jumanne ya wiki ya pili, askari kijana alikuja na gari la kaunti. Odilia alikuwa uani anasuuza vichupa vyake, mimi nimesimama mlangoni. Askari akampa bahasha asaini, halafu akarudi garini akatoa mfuko wa plastiki uliofungwa kwa utepe mwekundu, una namba ndefu imeandikwa kwa wino. Ndani yake kulikuwa na mkate wangu. Ulikuwa umeota ukungu wa kijani upande mmoja.

"Hiki ni nini?" Odilia akauliza.

"Ushahidi, bibi. Kesi hawafungui, wamesema kirudishwe kwa mwenyewe. Nyama ilitupwa."

Divai hakuna aliyeitaja.

Odilia alisoma barua kwa sauti akiwa amesimama. Ombi limekataliwa. Moja, hakuna sababu njema. Mbili, mtu wa karibu wa mwombaji alijaribu kumshawishi afisa wa umma kwa zawadi, jambo linalotia shaka tabia ya mwombaji. Chini yake walikuwa wamenakili kile kikaratasi changu, na herufi zangu zote zilizolala.

Aliigeuza ile nakala ikanielekea.

"Mama, uliandika wewe?"

"Niliandika mimi."

Akaiangalia tena karatasi. "Mwandiko umejitahidi," akasema. Akarudi kwenye bomba akaendelea kusuuza vichupa kimoja baada ya kingine, mpaka vyote vikaisha, halafu akaanza tena vya kwanza.

Afadhali angenitukana.

Jumamosi, siku tatu kabla ya kura, sherifu alihutubia kwenye uwanja wa maonyesho, na magazeti yakaandika. Hakututaja jina. Alisema wapo watu wanaodhani kibali cha bastola kinanunuliwa kwa mkate, na kwamba yeye hanunuliki, na maadamu yupo, barabara zenu na watoto wenu watakuwa salama dhidi ya bunduki. Wakampigia makofi waliokuwa kwenye meza ya kwanza, ya tatu, na zote zilizobaki. Kaunti nzima ilijua ni mkate wa nani. Ukumbini watu walinisalimia wakiangalia viatu vyangu. Jumanne akashinda kwa kura mia sita zaidi.

Herminio alienda kung'oa bango. Nilimfuata uzioni na kopo la kuwekea misumari. Nilimwambia, "Ni mimi niliyemharibia mwanetu."

Aling'oa msumari, akaunyoosha juu ya nguzo kwa nyundo, maana msumari yeye hautupi.

"Angemnyima hata bila mkate," akasema. "Wewe ulimpa tu kitu cha kuonyesha watu."

"Mwanamke amevunjwa mkono. Kinamgharimu nini kumpa?"

"Kinamgharimu sana. Akimpa Odilia kwa sababu anastahili, kesho atakuja mwingine anayestahili. Keshokutwa daktari wa meno atajiuliza meza ile alilipia nini. Sasa hivi kila mwenye kibali anamshukuru Pruitt. Kikiwa cha kila anayestahili, nani atamshukuru?" Akanipa msumari. "Anasema anaogopa bunduki. Mbona yeye ndiye anayezigawa."

Katika miaka thelathini na sita sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo bila ng'ombe ndani yake.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hata Herminio hakuliwaza. Magazeti hayo Valdemar naye aliyasoma. Alkhamisi, kwa akina Avila, alikuwa amekaa kwenye zile ngazi. Siku nyingine zote alinyamaza. Siku hiyo alifungua mdomo.

"Nimesikia wamekunyima."

Valdemar akainuka, akaenda kwenye pikapu ya Odilia, akatoa kreti ya vichupa. Akafungua kimoja akamwaga maziwa kwenye sakafu. Akafungua cha pili. Alivimwaga vyote, kimoja kimoja, bila haraka, huku akisoma namba ya kila ng'ombe kwa sauti. Zamani hakuwa na uhakika mkobani mwa Odilia mna nini. Sasa kaunti nzima ilikuwa imemhakikishia kwamba hamna kitu.

Alipomaliza akasema, "Kesho uko kwa akina Machado, siyo?"

Odilia alirudi nyumbani saa nne asubuhi. Alikaa jikoni hajavua hata buti, yeye ambaye alikuwa akinigombeza mimi kwa kuingia na matope. Akanisimulia yote niliyoyaandika hapa. Kisha akasema neno moja, "Idaho."

Belmira ana binamu kule Idaho, jimbo jingine, mwenye ng'ombe wengi, mtu wa Terceira kama sisi. Kule sherifu hakuwa na ruhusa ya kupima sababu ya mtu ni njema au mbaya. Ukiwa huna kosa, anakuandikia. Odilia alipokuja kuhamia huko, alipata kibali chake baada ya wiki tatu na siku mbili, kutoka kwa mtu ambaye hakuwahi kumwona wala kula naye.

Aliondoka Jumatano. Vitu vyake vyote vilienea nyuma ya pikapu, na bastola aliifunga kwenye kisanduku chenye kufuli kama sheria inavyotaka. Nilikuwa nimemwokea mkate wa safari, nimeufunga kwenye kitambaa cha kikapu kile kile. Sikuwaza. Mikono ya mama inaoka tu. Aliutoa polepole kwenye kiti, akarudi nao ndani, akauweka mezani.

"Mama, safari hii hapana."

Halafu akanikumbatia kwa nguvu, kwa mikono yote miwili, ule wa kushoto ukinibana zaidi. Mimi na Herminio tuliula ule mkate wiki nzima, tukichovya kwenye kahawa. Kipande cha mwisho kilikauka, na Herminio akakila hivyo hivyo.

Tangu hapo ninasikia sauti yake Jumapili saa kumi. Nyuma ya sauti yake nasikia mashine za kukamua, na nimejifunza kuzitofautisha na za huku. Za kule zina mlio mwembamba. Aliolewa tena na mtu mtaratibu anayeuza mbegu. Wana watoto wawili. Mdogo aliniuliza kwenye simu, "Bibi, huko kwenu kuna theluji?" Nikamwambia hakuna, huku kwetu kuna tini. Akauliza tini ni nini. Nilitaka kumwambia ni dirisha la mama yako.

Herminio alipofariki Odilia alikuja siku tatu. Kibali cha Idaho kwetu hakina kazi, kwa hiyo alikuja bila kitu. Alilala chumba cha mbele. Asubuhi nilipompelekea kahawa mlango haukufunguka, maana alikuwa ameuegemeza kiti kwa ndani. Nilisimama pale na kikombe mpaka kikapoa, nikimsikia akikivuta kile kiti.

Mwaka 2022 mahakama ya juu kabisa ikasema hakuna afisa anayeweza tena kumdai mtu sababu maalumu. Pruitt alikuwa ameshastaafu na kufanyiwa sherehe. Sherifu mpya hana la kufanya, anaandika tu. Belmira alichukua fomu kwa utani, na sasa ana kibali chake, na anambebea nani sijui. Nilimpigia Odilia siku ile ile, sikungoja Jumapili.

"Sasa unaweza kurudi."

Zile mashine zikalia kidogo.

"Mama, nina ng'ombe mia nne huku. Watoto wana shule."

"Najua. Nilikuwa nakuambia tu habari."

"Ile bastola iko kabatini," akasema. "Miaka mingi sijaibeba. Huku sikuihitaji sana. Niliihitaji huko."

Nikamwuliza hali ya theluji. Akaniambia.

Valdemar bado anakata kwato. Mgongo umempinda. Tukikutana dukani hunisalimia, "Mama Etelvina, habari ya Idaho?" nami huweka kikapu changu chini nikatoka.

Basi, mama unayesoma, haya uyaepuke:

Usipeleke chakula kwa mtu ambaye karatasi ya mwanao iko mezani kwake, hata kiwe cha nadhiri.

Usiandike barua inayomhusu mwanao bila yeye kuisoma kwanza.

Usiende kwenye mahojiano bila kuandika kila kilichosemwa, pamoja na bata.

Usipachike bango uzioni kabla jibu halijatoka. Au lipachike, lakini ujue wanapita na kusoma.

Usimwambie mtu yeyote kama mwanao ameomba kibali, amepewa au amenyimwa. Anayemwinda asijue.

Usidhani anayesema anaangalia usalama wa wote amemhesabu na wako.

Usimpe kahawa mtu uliyesikia anampiga mkewe, hata kama ng'ombe wako wote wanachechemea.

Usingoje sheria ibadilike ndipo umwite mtoto nyumbani.

Usioke mkate wa mayai kumi na mawili ukiwa umebaki peke yako.